Mshale Uliokaa Katikati

Nikianza kulalamika juu ya kaka yangu, watu wa kwetu hunikata maneno palepale. «Aka! Ule si njo alipatia mama yenu gari?» Ndiyo. Alimpatia. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nilipiga vigelegele hadi sauti ikanikauka. Kwa hiyo leo nisikilizeni na mimi, hata kama ni mara hii moja tu.

Ilikuwa siku ya Pasaka, uani kwa mama, mtaani Katuba. Kaka yangu, ambaye namwita yaya kwa kuwa ni mkubwa wangu na kwetu Lubumbashi mkubwa haitwi kwa jina tupu, alikuwa amejipatia jeep mpya, nyeusi, yenye vioo vya giza. Ile gari yake ya zamani, ndogo, ya Kijapani, usukani upande wa kuume kama nyingi zinazotufikia kwa njia ya Zambia, akaiosha, akaifunga utepe mwekundu, akaiingiza uani kinyumenyume. Padri wa parokia alikuwa amealikwa kula nasi. Akaombwa ainyunyizie maji ya baraka, akanyunyiza kioo, magurudumu, hata buti. Yaya akatoa hotuba, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili mashangazi wasikose kitu. Akasema mama aliyembeba mgongoni hatatembea tena kwa miguu. Shangazi mmoja alilala chini kabisa, akagaagaa kwa furaha na kikwembe chake kipya kiunoni. Funguo akampa mama, na mama akanipa mimi, maana yeye hajui kuendesha na mimi ndiye ninayekaa naye, na cherehani yangu iko kwenye baraza la nyumba hiyohiyo.

Sasa, ili mwelewe alichonifanyia, lazima niwaambie habari ya baba yetu. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa malori. Jumamosi alikuwa anafungua kapoti ya pikapu yake, injini ibaki wazi, anatukalisha mimi na yaya juu ya sanduku la bia lililopinduliwa, anatufundisha. Majirani walimcheka kwa sababu alinifundisha na mimi, msichana. Hakujali.

«Injini inapenda joto,» alikuwa akisema, na «lakini» yake ilikuwa ya Kifaransa. «Mais joto yenye kuwa na kipimo. Ikikosa, inakula mafuta bule. Ikizidi, inakufa.»

Alituonyesha njia yote ya maji. Ndani ya chuma cha injini kuna mifereji, na pampu inayasukuma maji yazunguke kandokando ya mahali moto unapowaka, yachukue ule moto. Lakini hayaendi mara moja kwenye radiateri, yaani rejeta ya mbele. Mlangoni kuna termosta, kidude kidogo kuliko ngumi ya mtoto, na ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa. Maji yanazunguka ndani kwa ndani na kupata joto upesi. Yakifika kipimo, nta inavimba, inasukuma mlango, na maji yanakwenda mbele kwenye radiateri, yanapita katika vijia vyembamba, upepo unayapoza, halafu yanarudi. Yakipoa mno, mlango unajifunga kidogo. Gari ikisimama na upepo ukakosekana, feni inafanya kazi hiyo. Hata kifuniko cha radiateri si kifuniko cha sufuria tu: kinayabana maji yasichemke kabla ya wakati. Na huku kwetu juu, alisema baba, maji yanachemka upesi kuliko kule Muanda baharini, kwa hiyo kifuniko kibovu ni hatari zaidi.

Siku moja aliichomoa ile termosta, akaitia katika sufuria ya maji juu ya mbaula ya makaa, tukainama sote watatu kuitazama. Yaya ndiye aliyeona kwanza. «Inafunguka! Baba, inafunguka!» Alirukaruka mpaka akataka kuangusha sufuria. Sijui kama baba aliwahi kufurahi kuliko siku ile.

Kitu kimoja kilimtoa baba povu mdomoni. Mafundi wengi wa mjini, gari ikiwa na shida ya joto, wanaitoa termosta na kuitupa. «Hii ni ya baridi ya Bulaya,» wanasema, na mwenye gari anashukuru. Baba alikuwa anajibu, «Bulaya iko inje ya gari! Ndani ya injini, moto ni ileile!» Gari isiyo na mlango ule inatembea baridi kwenye tambarare, ikifika kwenye mlima na mzigo inapandwa na joto, kwa sababu maji hayana tena wa kuyaongoza.

Na kuna mshale. Ndani ya maji mmeingizwa kidude cha kupima joto, kina waya mmoja unaopeleka habari mbele ya dereva. Baba alituchomolesha ule waya, zamu kwa zamu, tuone mshale unavyoanguka chini kabisa. «Dereva haoni maji,» alisema. «Anaona mushale tu. Mushale ukidanganya, umekwisha.» Alituambia sote wawili. Tulikaa sanduku moja.

Mwezi wa sita, asubuhi Lubumbashi baridi inauma masikio. Nikaanza kuona kitu. Nawasha gari, na kabla sijamaliza kujifunga kitambaa kichwani mshale umekwisha kupanda hadi katikati. Injini iliyolala usiku kucha katika baridi ile! Nikampigia yaya.

«Yaya, huu mushale unapanda mbio sana.»

Akacheka. «Termosta niliweka mupya. Weye ushone manguo, mambo ya gari uachie benye kujua.»

Nilimeza. Maneno hayo yaliniuma, lakini ni mkubwa wangu, na mkubwa akishasema utabishana naye vipi? Tena alikuwa anaitunza gari ile kuliko mimi. Kila Jumamosi alikuja kumsalimia mama, na kabla ya kuketi alifungua kapoti. Mimi alinituma jikoni kumpikia chai. Nikirudi na kikombe, kapoti imefungwa, yeye anapangusa mikono. «Gari iko bien, haina matata,» anasema. Majirani walituonea wivu. Mtoto mwanamume gani mwingine wa Katuba anavaa shati jeupe na kuinamia injini ya mama yake? Sisi tulikuwa tunakwenda kanisani, sokoni, na katikati ya mji kununua vitambaa, safari fupifupi, tunarudi. Mshale ulikaa katikati kama askari mlangoni.

Joto la mwezi wa tisa lilipoanza, binamu yetu akapiga simu kutoka Mitwaba, kule mbali kaskazini. Mama yake, yaani dada mkubwa wa mama, yule tunayemwita mama mukubwa, alikuwa ameacha kula. Alikuwa anataja jina la mama tu. Mama hakumjua vizuri mama yake mzazi. Huyu dada ndiye aliyembeba, aliyemwogesha, aliyemwachisha ziwa. Hawakuwa wameonana miaka mingi kwa ajili ya ile barabara mbovu ya milimani.

«Nataka nimukute na macho wazi,» mama akasema. «Hiyo tu.»

Yaya alikuwa hapo, amekaa katika kiti cha baba. Nikamuuliza kama jeep haiwezi kutupeleka. Akasema ana mzigo wa kuchukua Mokambo mpakani, wateja wanangoja, haiwezekani. Basi nikamgeukia, nikamuuliza wazi mbele ya mama, «Yaya, ile gari itaweza kufika Mitwaba?»

Alinitazama usoni. «Itafika. Hata Kalemie itafika.»

Asubuhi ya safari alikuja kutuaga. Akapakia mabidoni, yaani madumu, ya maji ndani ya buti, akayapanga mwenyewe, moja kando ya jingine, hata mifuko yetu ikabidi iwekwe kwenye kiti cha nyuma. «Njiani kuko kiu,» akasema. Akamkumbatia mama muda mrefu. Tulipoanza kuondoka nilimwambia mama, «Unaona yaya anavyotufikiria?» Ndiyo, mimi, kwa mdomo wangu huu.

Mpaka Likasi hapakuwa na neno. Lami, malori ya shaba yanatupita kwa kishindo, mama anachambua rozari. Tulipoacha lami nyuma, vumbi likaanza, na mashimo, halafu milima. Nilikuwa natambaa kwa gia ya kwanza na ya pili. Mama alikuwa na furaha, anasimulia jinsi dada yake alivyokuwa anamfichia nyama ya panya wa porini chini ya chungu ili kaka zao wasiione. Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa naangalia mshale kwa sababu baba alinizoeza hivyo. Katikati. Mlima mwingine. Katikati.

Kisha nikasikia harufu ya chuma na mpira unaoungua. Injini ikaanza kugongagonga, nguvu zikaisha. Nikatazama mshale: katikati! Nikakumbuka alichotufundisha baba: injini ikizidiwa na joto, washa hita ya ndani ya gari, uvumilie jasho, kwa kuwa hita ni kama radiateri ndogo, nayo inachukua moto kidogo. Nikaifungua yote, nikaweka kiganja mbele ya tundu. Upepo uliotoka ulikuwa wa baridi.

Injini inaungua na hita inatoa baridi maana yake ni moja tu, maji hayapo. Nikazima, tukasimama kando ya barabara, na kapoti nilipoifungua mvuke ukanivamia kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa. Kifuniko sikukigusa. Anayekifungua kikiwa moto anaachwa bila uso.

Mama aliketi kivulini mwa gari. Nikaenda kwenye buti kumtolea maji ya kunywa. Nikafungua bidoni la kwanza, likanuka mafuta ya injini. La pili vilevile. Yote. Ni yale mabidoni ya zamani ya gereji, yamesuuzwa haraka haraka. Hakuna mtu anayempa mama yake maji ya namna ile anywe. Nilisimama nikiyatazama, maana nilikwisha kuelewa nusu.

Nusu nyingine niliitafuta mwenyewe. Injini ilipopoa, niligeuza ufunguo bila kuwasha. Mshale ukapanda katikati. Nikaenda kwenye kile kidude cha kupima joto: hakikuwa na waya. Kilikuwa uchi, na kutu. Nikaufuata waya wenyewe kwa vidole, nikaukuta umepelekwa nyuma ya batri, umeungwa na kipande kidogo cha umeme, kile mafundi wa redio wanakiita rezistansi, na kufungwa kwenye bati la gari. Mtu alikuwa amechagua kipimo ambacho kitausimamisha mshale katikati siku zote, jua liwake, mvua inyeshe, injini iwe nzima au maiti. Juu yake kulikuwa na utepe mweusi, umezungushwa vizuri, na mwisho wake umekunjwa kidogo ili siku ya kuufungua upate pa kushika. Baba ndiye aliyetufundisha kuukunja hivyo. Simjui mtu mwingine anayefanya vile, ila mimi na mmoja tu.

Nilipanda ukingo wa barabara mpaka juu, nikapata mtandao.

«Yaya,» nikasema, «nani alifunga huu waya?»

Hakuuliza ni waya gani. Akasema polepole, «Maji haikutosha?»

Mnasikia? Maji hayakutosha! Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Nikamwita majina ambayo mdogo hamwiti mkubwa wake. Na yeye, kwa sauti ya chini, «Nilikuwa na haya. Padri iko pale, bantu bote banaangalia, ningesema nini? Ningesema gari ninapatia mama iko inapika maji? Nilijua nitakuwa natia maji kila Jumamosi. Usimuambie mama. Ninakuomba, usimuambie.» Mtandao ukakatika.

«Anasema nini?» mama akauliza kutoka chini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, waya, mabidoni, Jumamosi zote za chai. Sikumpunguzia. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake haukubadilika.

«Tia maji,» akasema. «Twende.»

Nilitia yale maji yenye kunuka. Tulikwenda mwendo wa kutoka hapa hadi kanisani, moshi mweupe ukajaa nyuma yetu na injini ikafa kabisa. Nilichomoa kijiti cha mafuta: mafuta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Joint de culasse, ile karatasi ngumu inayotenganisha maji na mafuta, ilikuwa imeungua. Baadaye fundi wa Likasi aliniambia haikuungua siku ile. Ilikuwa imeungua zamani, ikazibwa kwa gundi. Na pale pa termosta hapakuwa na termosta yoyote.

Tulikaa. Barabara ile lori linaweza kupita, linaweza lisipite. Nilikuwa napanda ukingo kila mara kutafuta mtandao, na jua lilipoanza kuteremka simu ikalia mkononi mwangu. Binamu. «Amefungua macho! Anamuita mama yako, umupatie simu, mbio!» Nikateremka mbio, nikaanguka, nikasimama, nikaweka simu sikioni mwa mama. «Yaya? Yaya?» akamwita dada yake. Hakuna. Chini kule mtandao haukufika. Nikampa mkono, apande. Magoti ya mama ni mabovu tangu zamani. Alipanda ukingo ule kwa mikono na magoti, kikwembe kinamfunguka, mimi namsukuma kwa nyuma, mawe yanateleza, yeye anaita tu «yaya, yaya» kabla hata hatujafika. Tulipofika juu nikapiga. Binamu akapokea, alikuwa analia tu.

Mama alishika simu sikioni muda mrefu hata baada ya binamu kukata.

Lori la makaa lilituvuta kurudi Likasi. Walimzika Mitwaba bila sisi.

Kilio tukakifanya Katuba. Na nani alikisimamia? Yaya! Turubai yeye, viti yeye, mchele na mbuzi yeye. Jeep, ambayo ilikwisha kurudi kutoka Mokambo, ilikuwa inazunguka mji mzima kuchukua wazee. Alilia kuliko wote, tena sikatai, machozi yalikuwa ya kweli. Watu walimshika mabega wakisema huyu ndiye mtoto. Mimi nilikuwa jikoni na moshi, nikingoja siku ya mwisho. Kwetu, kabla ya watu kuachana, mkubwa wa ukoo husimamisha mambo na kuuliza habari, ugonjwa ulianzaje, nani alikuwepo, nani hakuwepo na kwa nini. Kila kitu kinasemwa hadharani. Nilijua swali litakuja, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga.

Likaja. Mjomba wetu, mzee wa mwisho aliyebaki upande wa mama, aliketi chini ya turubai na kusema, «Mutu mumoja alikuwa anaitwa kule Mitwaba, na hakufika. Gari ilikuwako. Juu ya nini hakufika?»

Watu wote wakanigeukia, mimi dereva. Yaya alikuwa anatazama viatu vyake. Nikavuta pumzi nianze, na mama akainua mkono.

«Gari ilikuwa muzuri,» mama akasema. «Huyu mutoto alisahau kutia maji.»

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama mama, naye hakunitazama. Mjomba akasonya kwa uchungu. Yule shangazi aliyegaagaa siku ya Pasaka akasema kwa sauti kwamba wasichana wa siku hizi wanataka usukani tu, mengine hawajui. Ningesema nini, kwamba mama anadanganya, mbele ya msiba wa dada yake? Niligeukia yaya. Nilimngoja. Nilimpa nafasi yote, Mungu ni shahidi. Akainuka, akaweka mkono kifuani.

«Tumusamehe,» akasema. «Ni mudogo.»

Na wakanisamehe. Walipita mmoja mmoja kunigusa kichwa.

Mchana ule watu walipoondoka, nilimkuta mama ameketi peke yake nyuma ya nyumba, karibu na sahani zisizooshwa. «Mama, juu ya nini? Unajua kweli. Nilikuambia kila kitu pale barabarani.»

«Ninajua,» akasema.

«Basi juu ya nini mimi?»

Alinitazama kwa upole, upole wa kweli, na hilo ndilo linaloniumiza hata leo. «Yaya yako nikimupatisha haya mbele ya bantu, hatarudia hapa tena. Ninamujua. Nitamukosa na yeye, vile nilimukosa dada yangu.» Akanishika mkono. «Mais weye, hata nikufanye nini, hautaenda fasi yoyote, utabakia hapa.»

Kisha akauliza kama chai imebaki. Nilikuwa na hasira hata macho hayaoni, nikaenda jikoni, nikaipasha moto, nikamletea.